Kumtembeza mbwa mwenye kiherehere mitaa ya Mtwara

Mbwa wengi wa Mtwara mjini hufugwa kwa ulinzi. Mchana wako bandani au wamefungwa mnyororo chini ya mwembe, usiku wanafunguliwa wazunguke uani, alfajiri wanarudishwa. Mbwa wa namna hiyo anaweza kumaliza miaka bila kuiona barabara iliyo mbele ya geti lake. Anaisikia tu: bodaboda zinapita, mbuzi wanalia, watoto wa shule wanaitana, muuza samaki anapiga honi ya baiskeli. Siku mwenyewe anapoamua kumtoa, yote hayo yanamjia kwa mkupuo, yakiwa na harufu na mwendo. Anavuta, anaruka, anabweka, analia. Mwenye mbwa anarudi nyumbani viganja vimechubuka, anatangaza kuwa mbwa wake ni mkorofi na hatembezeki.

Anatembezeka. Ila ndani ya dakika 20 za kwanza ameshafundishwa jambo moja, tena na mwenyewe: kwamba kuvuta kunamfikisha. Alivuta kuelekea nguzo ya umeme, akafika, akanusa. Alivuta kuelekea kuku, akawasogelea. Kila hatua iliyopigwa huku kamba imekaza ilikuwa malipo ya kuvuta. Kazi ya mafunzo ni kugeuza hesabu hiyo, kamba iliyolegea iwe ndiyo inayofungua njia na iliyokaza isifike popote. Haihitaji nguvu wala fimbo. Inahitaji msimamo, na kuelewa kwamba mbwa aliyekwisha kupandwa na jazba hawezi kujifunza kitu wakati huo, hata ungempa maini ya nyumba nzima.

Majirani kwanza

Mtwara na Lindi ni pwani ya Waislamu, wengi wao wakifuata madhehebu ya Shafii, na kwa fiqhi hiyo mate ya mbwa ni najisi nzito. Nguo iliyoguswa na ulimi au pua mbichi huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mbwa anayemrukia mzee aliyevaa kanzu akielekea msikitini amemrudisha nyumbani na amemkosesha swala ya jamaa. Maneno ya "haumi huyu, anafurahi tu" hayamsaidii kitu mzee huyo. Ndiyo maana huku kwetu mafunzo ya kamba ni adabu ya ujirani kabla hayajawa starehe ya mfugaji.

Panga saa. Asubuhi subiri watu watoke swala ya alfajiri na watawanyike. Jioni anza saa 10:30 na uwe umerudi ndani ya geti kabla ya saa 12, maana adhana ya magharibi ikikaribia mitaa hujaa watu waliokwisha kutawadha. Ijumaa mchana usitoke kabisa. Hata jua lenyewe haliruhusu. Ukikutana na mtu kwenye uchochoro, wewe ndiye unayepisha: mbwa awe upande wa ukuta, wewe uwe kati yake na mpita njia, kamba umeifupisha bila kuikaza. Salimia mapema. Shikamoo au asalaam alaykum kwa sauti ya kawaida humhakikishia mtu kuwa umemwona na mbwa umemshika, na mbwa naye husikia kwenye sauti yako kwamba hakuna vita.

Vifaa

Mkanda wa shingoni uwe na upana wa sentimita 2.5 hivi kwa mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20, na vidole viwili vipite kati yake na shingo. Huo ni wa kuning'inizia alama ya chanjo na namba ya simu. Kamba ya kutembezea ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Mbwa anayevuta kwa shingo hukohoa na kujikaba, na kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka: akibanwa koo kila anapomtazama mbuzi, anajifunza kuwa mbuzi huja na maumivu. Kiherehere kinageuka kuwa uchokozi.

Mkanda wa kifuani si lazima uagizwe mbali. Fundi wa mabegi au wa viatu anaweza kuushona kwa mkanda wa begi wa upana huohuo, mita 2.5 hivi, ukimweleza vizuri umbo lake. Mikanda ikutane kwenye mfupa wa kifua kwa umbo la herufi Y, mmoja upite katikati ya miguu ya mbele kurudi nyuma, mwingine uzunguke mbavu. Kataa mtindo wa mkanda unaokatiza mlalo juu ya mabega, maana unazuia mguu kunyooka. Pete ya kwanza ikae kifuani mbele, ya pili mgongoni nyuma ya mabega. Mshono uwe wa mraba wenye msalaba katikati, uzi wa nailoni, upitishwe mara mbili. Kwenye mishono ndipo mkanda unapokatikia. Kati ya kwapa na mkanda ibaki nafasi ya vidole viwili, maana kwa unyevu wa hewa ya Mtwara kwapa linachubuka ndani ya wiki moja na mbwa ataanza kugoma kutembea. Wengi hudhani huo ni ukaidi.

Pete ya kifuani ina kazi yake. Mbwa akivuta kwa pete ya mgongoni anatumia uzito wake wote, mwili uko kwenye mstari ulionyooka. Akivuta kwa pete ya kifuani, mwili unageuka upande, anajikuta anakutazama wewe. Haimfundishi kutembea, inakupunguzia tu nguvu ya kushindana naye wakati unamfundisha.

Kamba iwe na urefu wa mita 2 na unene wa milimita 10 hadi 12, ya nailoni iliyosukwa. Kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi inauzwa kwa mita. Ya katani iache: inakwangua kiganja na ikilowa inavimba na kuwa ngumu. Mnyororo nao ni mzito kiasi kwamba mbwa hasikii tofauti ya kulegea na kukaza, na tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Kishikizo kiwe cha shaba, chenye shingo inayozunguka. Cha chuma cha kawaida kinakula kutu haraka kwa hewa ya chumvi, na springi yake hunasa ikiwa wazi. Ukitoka ufukweni suuza kila kitu kwa maji baridi ya bomba.

Kamba usiizungushe kiganjani. Mbwa wa kilo 20 akiruka ghafla anaweza kukuvunja kidole. Kitanzi kipite kwenye dole gumba la mkono wa kulia, kamba ikatize mbele ya tumbo, mkono wa kushoto uishike katikati kwa wepesi, mbwa awe kushoto kwako.

Mshahara

Mbwa anafanya kazi, alipwe. Chemsha maini au moyo wa ng'ombe dakika 15 bila chumvi wala kitunguu, kata vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi, kisha vikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo hadi visishikane. Gramu 200 zinatosha vipindi viwili au vitatu vya dakika 10. Usitegemee maini peke yake kila siku, maana yana vitamini A nyingi. Yabadilishe kwa zamu na dagaa. Hapo kuna tahadhari: dagaa wengi wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke saa moja, mwaga maji, wakaushe upya. Vipande viwe vidogo kweli. Mbwa anahesabu mara alizolipwa zaidi ya ukubwa wa kipande, na kikiwa kikubwa utasimama kumngoja atafune huku mbuzi uliyekuwa unamfanyia kazi ameondoka. Siku ya mafunzo punguza ugali wake wa jioni kidogo.

Chagua neno moja fupi la kumjulisha kuwa amepatia. "Safi" linafaa. Tumia siku mbili kulipatia neno hilo maana: sema "safi", mpe kipande, mara 15 asubuhi na 15 jioni, bila kumtaka afanye lolote. Akianza kukugeukia kila unapolitamka, neno limekuwa chombo. Watu wote wa nyumbani watumie neno hilohilo.

Matembezi huanzia ukutani ilipotundikwa kamba

Hapa ndipo wengi wanaparuka haraka, na ndipo matembezi yanapoharibikia. Mbwa anaona kamba inachukuliwa, anaanza kuruka na kuzunguka. Mwenyewe anacheka, anamkamata katikati ya mruko, anamfunga, geti linafunguliwa, wanatoka kwa kishindo. Mbwa huyo amefika barabarani tayari amechemka. Kuku wa kwanza atakayemwona anatosha kumfurisha.

Chukua kamba, kaa kwenye kiti. Akiruka, usiseme kitu. Miguu yote minne ikikaa chini, inama taratibu umfunge. Akiruka tena mkono wako ukiwa njiani, rudisha mkono na ukae wima. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika 10, na hiyo ndiyo kazi ya siku hiyo. Usiione kama ucheleweshaji. Akishafungwa kwa utulivu, mfungue, tundika kamba, endelea na shughuli zako. Rudia mara kadhaa kwa siku hadi kamba iache kumaanisha safari.

Kisha geti. Shika komeo. Akisonga mbele, achia komeo. Fungua kwa upana wa kiganja. Akiingiza pua, funga polepole bila kumbana. Akirudi nyuma hata nusu hatua, "safi" na kipande, na kipande hicho akipate karibu na miguu yako, si kwenye mwanya. Ongeza upana kidogokidogo. Geti likiwa wazi kabisa na yeye bado anakutazama, toka naye hatua tano, rudi ndani, funga. Mbwa wa kawaida huelewa sheria ya geti ndani ya siku nne au tano ikiwa hakuna mtu mwingine nyumbani anayemwachia apite kwa fujo.

Mbwa aliyefungwa mchana kutwa usimtoe moja kwa moja. Mfungulie uani robo saa akojoe na ajinyooshe, kisha mwagia konzi ya dagaa mchangani au kwenye majani awatafute kwa pua. Kunusa humshusha. Kumrushia mpira kabla ya kutoka, jambo ambalo watu hulifanya wakitaka achoke, humpandisha. Atatoka amechoka miguu na akili inawaka.

Kamba iliyolegea

Anza uani, ambako hakuna jipya. Mbwa kushoto, kipande mkono wa kushoto. Piga hatua moja. Akiwa bado usawa wa mguu wako, "safi", mlishe palepale kwenye mshono wa suruali. Mahali unapomlishia ndipo atakapopenda kuwa. Ukimlisha mbele yako, atakatiza mbele yako kila hatua, na utamkanyaga. Kutoka hatua moja nenda tatu, tano, nane, rudi mbili, kumi. Zipandishe na kuzishusha. Zikipanda tu anakata tamaa.

Kamba ikikaza, simama. Usiivute kwako, usimwite, usimkaripie. Mkono ubaki umegandishwa kiunoni. Atasukuma, atasimama, mwishowe atageuza kichwa au kurudi hatua moja, na kamba italegea. Hapo ndipo mnaendelea. Kuendelea ndiko kulipwa.

Hapa kuna kosa linalomkwamisha mtu mwezi mzima bila kujua. Mbwa anavuta, mtu anasimama, mbwa anarudi, anapewa kipande, anavuta tena, anarudi, anapewa. Kwa macho ya mbwa huo ni mchezo mmoja mzuri: vuta, rudi, kula. Dawa yake ni kutompa chakula anaporudi. Akirudi, tembea, akikaa na wewe hatua tatu hadi tano kamba ikiwa imelegea, ndipo alipwe. Kuvuta kunaondolewa kwenye mnyororo wa matukio yanayoleta chakula.

Kosa la pili ni la siku za haraka. Leo umechelewa, unamwacha avute hadi dukani na kurudi. Tabia inayolipwa mara mojamoja ni ngumu kufa kuliko inayolipwa kila mara, kwa sababu mbwa amejifunza kwamba hata isipofaulu sasa, huenda ikafaulu akizidisha. Kwa siku kama hizo pete mbili zina faida: funga kamba kwenye pete ya mgongoni, na hiyo iwe safari isiyo na masharti. Pete ya kifuani ikiguswa, masharti yapo. Mbwa hutofautisha hizo mbili upesi kuliko tunavyodhani.

Baada ya uani, njia ya mbele ya nyumba, mita 20 kwenda na kurudi, dakika 10. Usihesabu umbali. Safari ya mita 20 kamba ikiwa imelegea ina thamani kuliko kuzunguka Ligula yote mkiburutana. Na mpe kunusa kama mshahara: mkifika kwenye kichaka anachokitaka bila kuvuta, sema "nusa", mwachie urefu wote wa kamba, subiri dakika nzima. Pua ndiyo iliyomtoa nyumbani. Mbwa anayeruhusiwa kunusa vya kutosha huvuta kidogo, kwa sababu anajua zamu yake inakuja.

Mbuzi, bodaboda, watoto

Kuna umbali ambao mbwa anamwona mbuzi na bado anaweza kula, kusikia jina lake na kugeuka. Akisogea karibu zaidi ya hapo hafundishiki. Kila mbwa ana wake, na unabadilika kwa siku. Kazi ya kwanza ni kuujua. Dalili kwamba mmekaribia mno huja kabla ya kubweka: mdomo uliokuwa wazi unafungwa, masikio yanaelekea mbele, mkia unaganda, uzito unahamia miguu ya mbele, na kipande unachompa anakikataa au anakinyakua kwa nguvu hadi kukuuma vidole. Ukiona mbili kati ya hizo, geuka na uondoke kwa kuzunguka nusu duara. Usisubiri uone itakuwaje.

Fanya kazi hii mahali penye upana. Ufukwe wa Shangani unafaa maji yakiwa yamekupwa; siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alfajiri na asubuhi yanakuwa yanatoka, ufukwe unazidi kupanuka kila unapoendelea. Anza mita 50 kutoka kwa mbuzi waliofungwa au wanaolishwa. Mbwa akimwona mbuzi, kabla hajafanya lolote, "safi", kipande. Akimtazama tena, kipande tena. Mbuzi wakitoweka, chakula kimekwisha, mfuko umefungwa. Mpangilio huo una maana: mbuzi kwanza, chakula baadaye. Ukitoa kipande mfukoni kabla mbwa hajamwona mbuzi, atajifunza kuwa mfuko ukifunguka kuna jambo linakuja, na ataanza kuangaza macho huku na huko. Mara nane hadi kumi zinatosha kwa siku. Siku atakapomwona mbuzi na mwenyewe kukugeukia akidai haki yake, ndiyo siku ya kusogea mita tano. Mbuzi wakianza kukimbia, rudisha mita hizo na uongeze nyingine. Mwendo una uzito kuliko mnyama mwenyewe.

Jazba hujilimbikiza. Bodaboda imepita karibu, akavumilia. Mbwa wa jirani amebweka ukutani, akavumilia. Mtoto amepiga ukelele, akavumilia. Halafu kuku mmoja anakatiza njia na mbwa analipuka, na mwenyewe anashangaa kwa nini kuku. Ukiona matukio mawili mazito yamefuatana, rudi nyumbani kabla ya la tatu, na kesho yake ibaki siku ya uani na kunusa. Msisimko mkubwa hauishi kwa dakika tano.

Bodaboda inahitaji mpango wake kwa sababu anayeumia ni dereva. Ongea na dereva wa kijiwe cha jirani, mlipe pesa kidogo ya mafuta. Atasaidia kwa moyo, maana mbwa wanaokimbiza pikipiki ndio wanaomwangusha. Pikipiki ikiwa imesimama na kuzimwa, mbwa ale mita 10 kutoka hapo. Kipindi kingine injini iwashwe, mita 20. Kingine isukumwe kwa mguu. Kingine ipite polepole, mita 30, kisha kwa mwendo wa kawaida. Usichanganye hatua mbili siku moja.

Watoto wa mtaa wakimwona mbwa hukimbia wakipiga kelele au huokota mawe, na yote mawili humthibitishia mbwa kuwa ana sababu ya kupandwa. Zungumza nao siku mbwa yuko ndani. Waambie wasimame, mikono mwilini, wasimkazie macho, na uwape kazi: wahesabu mara ngapi mbwa anakutazama wewe badala ya kuwatazama wao. Mtoto aliyepewa kazi ya kuhesabu hakimbii. Wasimguse wala wasimlishe.

Kwa kuku na takataka, fundisha "acha" nyumbani. Ficha dagaa kwenye ngumi. Alambe, akwangue, wewe tulia. Akivuta pua nyuma, "safi", na mpe kipande cha maini kutoka mkono mwingine. Baadaye dagaa awe chini, chini ya kiatu chako, kisha wazi huku mkipita. Alichoambiwa aache asikipate kamwe, hata baadaye. Vinginevyo "acha" inakuwa "subiri kidogo".

Mbwa wanaozurura wakiwajia, usikimbie na usimnyanyue wako. Wengi wao hurudi nyuma ukiinama tu kama unaokota jiwe, lakini wako naye anaweza kuogopa ishara hiyo, kwa hiyo ni bora kuwatupia konzi ya dagaa nyuma yao na kuondoka kwa kuzunguka wakati wanatafuta.

Njia zenyewe

Jua kwanza. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami au mchanga. Ukishindwa kuvumilia sekunde saba, nyayo zake nazo hazitavumilia. Beba nusu lita ya maji. Ulimi ukiwa mwekundu kupita kawaida, mate yamekuwa mazito na anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na miguuni, mpepee, kisha tafuta daktari wa mifugo.

Njia za mikorosho, kama za kuelekea Naliendele, zina misimu yake. Kuanzia Juni hivi wakulima hupuliza unga wa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na hupenda asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia, saa ileile ya matembezi. Unga huo unawasha macho na pua, na mbwa huulamba baadaye kwenye manyoya yake. Pita kwingine. Msimu wa kuanguka mabibo ukifika, tatizo linakuwa chini ya mti: ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza midomo na ulimi, na bibo lililochacha lina kilevi. Huko "acha" inajilipa yenyewe.

Ufukweni kwenye madiko ya wavuvi angalia ndoana zenye mabaki ya chambo, na samaki wanaotupwa. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, ana sumu isiyopungua kwa kukauka wala kwa kupikwa, na mbwa akimla anaweza kufa ndani ya saa chache. Kamba ndefu ya mita 10 ni nzuri kwa ufukwe mtupu, ila ifungwe kwenye pete ya mgongoni tu. Ikifungwa shingoni naye akafika mwisho wake mbio, shingo ndiyo inayobeba kishindo chote.

Hakuna matembezi bila chanjo ya kichaa cha mbwa. Hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza, na karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huwa na kampeni. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni jeraha dogo na hata kama mbwa anafahamika. Mbwa mtulivu akibadilika ghafla, akadondosha mate, sauti ikawa ngeni, akashindwa kumeza, hilo si suala la mafunzo. Mfungie bila kumgusa, piga simu kwa afisa mifugo.

Kumkabidhi mtu mwingine

Mbwa anayetembea vizuri na wewe bado hajui kama sheria hizo zinamhusu kijana wa nyumbani au mlinzi. Atamjaribu, na kamba ikikaza mara tatu bila mtu kusimama, umerudi mwanzo. Kabidhi kwa hatua. Siku mbili za kwanza mtu huyo amfunge kamba na kufungua geti mwenyewe, wewe ukitazama. Siku tatu zinazofuata atembee naye uani, akilisha pembeni ya mguu kama ulivyolisha wewe, kwa maneno yaleyale. Kisha mtoke wote, yeye ameshika kamba, wewe uko upande wa pili wa barabara mikono mitupu, kwa njia fupi isiyo na mbuzi. Mtoto aliye chini ya miaka 15 asitoke peke yake na mbwa wa kilo 15 kwenda juu, hata kama mbwa ameshafuzu. Na mfuko wa maini ubaki kiunoni mwa huyo anayeshika kamba, uwe umejaa. Miezi ya kwanza vipande 50 kwa safari ya dakika 15 si vingi.